Siku Tisini za Idjwi



Mwezi wa tatu wa 2024 wanne kati yetu tuliingia mashua ya mbao pale Bukavu, ile ya mwendo wa pole. Mashua ya mbio inafika upesi, lakini nauli yake ingekula pesa tulizotenga kwa ajili ya madaftari na kalamu. Basi tukakaa juu ya magunia ya unga pamoja na wachuuzi, katikati ya mabati, vidumu vya mafuta ya mawese, godoro moja lililofungwa kwa kamba, na mbuzi wawili waliotutazama safari nzima kama mashahidi wa tribinali. Mama mmoja muuza sabuni alitugawia ndizi za kuchoma. Ziwa lilikuwa limetulia. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, na watoto wanaokaa kandokando yake wanaoga bila woga. Kinachoua humo ni upepo wa ghafla na mashua iliyojazwa kupita kiasi. Tuliomba jile za kuokolea, tukazivaa. Wengine walitucheka, nasi tukacheka nao bila kuzivua.

Wasomaji wetu wa Bukavu, Kalehe na Goma wanaijua Idjwi kwa mananasi yake, yale yanayotangulia kwa harufu kabla ya kuyaona sokoni. Ni kisiwa kikubwa kuliko visiwa vyote vya ziwa letu. Ni teritwari nzima peke yake katika Kivu ya Kusini, yenye sheferi mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini, ofisi za teritwari ziko Bugarula. Watu wanasema Kihavu. Wanalima muhogo, maharagi, ndizi na kahawa, na vilima vimelimwa mpaka kileleni kwa sababu watu ni wengi na udongo ni ule ule. Vita vilivyopita katika Kivu tangu 1996 mpaka wakati wa safari yetu havikuwa vimekigeuza kisiwa uwanja wa mapigano, bali watu wengi walikimbilia huko. Ndiyo maana wengine walikiita kisiwa cha amani. Na kweli, usiku tulilala bila kusikia risasi hata moja, jambo ambalo baadhi yetu tulikuwa tumelisahau.

Lakini mtoto anaweza kunyang'anywa haki yake bila risasi. Huko tuliona ananyang'anywa kwa kukosa karatasi moja.

Tulialikwa na kikundi cha wamama wa MUSO, wale wanaoweka akiba pamoja kila juma. Kijiji chao kiko juu ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka mahali mashua inapoegesha, na wakati wa mvua njia inakuwa utelezi mtupu. Jina la kijiji hatuliandiki, kwa ajili ya msichana mmoja mtakayekutana naye hapa chini. Wamama walikuja kutupokea kwenye ziwa, wakatunyang'anya mizigo yetu yote wakaiweka kichwani, wakapanda mlima wakizungumza. Sisi wa mji tulipanda na mikono mitupu na hatukuweza hata kuzungumza.

Njiani, kwenye kisoko kidogo, tulinunua karanga. Muuzaji alitufungia kwa karatasi yenye picha ya watoto wanaocheka. Tulipoikunjua tukaona ni ukurasa wa kitabu cha haki za watoto, kwa Kifaransa, kizuri, cha rangi. Mtu alikileta zamani, akakigawa, akapanda mashua akarudi. Hatumlaumu muuza karanga. Kitabu ambacho mama hawezi kukisoma, katika lugha asiyoisema, kimepata kazi pale kilipoweza kuipata.

Mkutano ulikuwa siku ya tano na siku ya posho, ndani ya kapela ya matofali mabichi. Wamama walikuja na watoto mgongoni na muhogo wa kumenya, kwa sababu huko hakuna mtu anayeketi na mikono ikalala. Wababa walikaa pembeni karibu na mlango, kama watu wanaopita tu. Shefu wa lokalite alikuwapo, na mama akusheze wa kituo cha afya, ambaye alitutafsiria kwa Kihavu pale Kiswahili chetu kilipozidi kuwa cha mji.

Tulianza na sheria. Nchi yetu ilitia sahihi Mapatano ya Haki za Mtoto ya 1989 na kuyathibitisha mwaka 1990, wakati bado inaitwa Zaïre. Tena tuna sheria yetu wenyewe ya kumlinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009. Inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Tulipofika hapo mzee mmoja aliinua fimbo yake. Alisema haya mambo ya haki ni ya wazungu, yametoka redioni, na yamewaharibu vijana: ukimtuma mtoto maji anakuuliza sheria iko wapi.

Wamama walicheka, lakini alistahili jibu. Mama akusheze alimjibu kabla yetu. Alimwambia sheria hiyo hiyo inasema pia juu ya wajibu wa mtoto kwa wazazi na jamaa yake, na kwamba hakuna mtu aliyekuja kukataza maji yasitekwe. Kisha akamuuliza: "Mzee, mjukuu wako aliyezaliwa mwaka jana, leta inajua kwamba yuko?" Mzee akasema leta itajuaje, haijawahi kupanda huku. "Basi," akasema akusheze, "kesho mtu akimchukua, utamwambia leta wamechukua nani?"

Kapela ilinyamaza.

Kutoka hapo tuliacha orodha yetu ya haki ndani ya mfuko, na siku mbili zote tukazungumza juu ya kuandikisha watoto. Tulitandika kitenge chini. Kila mama aliweka punje moja ya hindi kwa kila mtoto wake aliye chini ya miaka 18. Mahindi yakawa rundo. Kisha tukasema, sasa weka punje ya haragi kwa kila mtoto mwenye cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa na ofisi ya eta sivili. Siyo kadi ya chanjo, siyo kijikaratasi cha kituo cha afya, siyo kadi ya ubatizo. Cheti. Maharagi yaliyotua juu ya kitenge tuliyahesabu kwa vidole vya mikono, na vidole vikabaki.

Msidhani ni Idjwi peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta kwamba katika nchi nzima, kwa kila watoto wanne walio chini ya miaka mitano, mmoja tu ndiye aliyeandikishwa. Ule wa 2017-2018 ulikuta ni wanne kwa kumi. Tumepanda kidogo. Lakini sita kati ya kumi, kwa macho ya leta, walikuwa hawajazaliwa.

Sheria yenyewe siyo ngumu. Mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na ndani ya siku hizo ni bure. Baba anaweza kwenda, mama anaweza kwenda. Wasipokuwapo, ndugu wa karibu au mtu aliyesaidia wakati wa kuzaa. Hapa wamama wengi walishangaa. Walikuwa wanaamini baba peke yake ndiye anayeweza, na baba yuko ng'ambo anabeba mizigo, au yuko kwenye machimbo ya dhahabu, au yuko kwa bibi mwingine. Mtoto anamngoja baba, na siku zinakwenda.

Tuwaachie wao wenyewe waeleze zinakwenda wapi. Mama mmoja alizihesabu mbele ya wote, akipinda vidole. Majuma ya kwanza yuko ndani, mwili haujafunga. Kisha mvua inanyesha na maharagi hayangoji. Asipopanda sasa, watakula nini? Kisha mtoto anapata homa. Kisha anapata nafasi, anaamka saa kumi za usiku, anatembea na mtoto mgongoni mpaka ofisini, anakuta mwenye muhuri amekwenda mjini. Anarudi. Siku nyingine anakwenda, anamkuta, naye anamwomba pesa ya karatasi. "Nikamwambia sina. Akaniambia rudi ukiwa nayo. Nikarudi nikiwa nayo, ikawa siku ya tisini na tatu." Ilikuwa ofisi gani hakusema, nasi hatukumlazimisha. Wamama wengine walitikisa vichwa kama watu wanaosikia hadithi yao.

Siku ya tisini na moja mlango unabadilika. Ofisi haiwezi tena kuandika hivi hivi. Inabidi kwenda tribinali kupata jujema supletifu, yaani hukumu ya mwamuzi inayochukua nafasi ya tangazo la kuzaliwa. Inataka ombi, inataka mashahidi, inataka safari. Kwa mtu wa kilimani hiyo ni mashua, ni kulala ugenini, ni siku za jembe zilizopotea. Kilichokuwa bure juzi, leo bei yake ni mbuzi.

Sasa tuje kwa yule msichana.

Siku ya posho, tulipokuwa tunaeleza kwamba sheria ya jamaa, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka miaka 18 kwa ndoa, kwa mvulana na kwa msichana sawasawa, mama mmoja alisimama nyuma kabisa. Alikuwa hajasema neno tangu jana. Alisema binti yake ameombwa. Mbuzi walikwisha kuletwa, ng'ombe anangojwa. Akauliza: "Kama mtoto hana karatasi, nani anasema ana miaka mingapi?"

Baba mdogo wa msichana, aliyesimama mlangoni, akajibu kwamba hakuna shida, karatasi ipo. Akatoa mfukoni kadi ya mpiga kura ya msichana, iliyotolewa mwanzoni mwa 2023. Imeandikwa kwamba amezaliwa 2004. Kwa hiyo ni mtu mzima, leta yenyewe imeandika.

Ninyi mnajua mambo haya. Katika nchi ambako kwa miaka mingi raia hakuwa na kitambulisho kingine, kadi ya mpiga kura ndiyo inayokupitisha kwenye bariyere na ndiyo inayokutolea pesa kwenye simu. Basi watoto wengi walipelekwa kuandikishwa kama wakubwa, siyo ili wapige kura, ila wapate kitu chenye picha yao. Jamaa hawakuwa na ubaya. Lakini kadi ile iliyotafutwa kwa ajili ya kupita njiani, sasa ilikuwa inampeleka mtoto kwa mume.

Tena kulikuwa na karatasi ya tatu. Msichana yuko mwaka wa sita wa msingi. Alirudi darasani mwaka 2019, masomo ya msingi yalipofanywa bure, kwa maana kabla ya hapo primu ya walimu ilikuwa imemrudisha nyumbani mara mbili. Katika orodha ya mtihani wa mwisho wa msingi mwalimu alimwandikia tarehe 1 Januari 2009. Tarehe 1 Januari ni siku ambayo nusu ya watoto wa vijijini kwetu wamezaliwa, ukiamini orodha za masomo.

Basi msichana mmoja ana miaka mitatu ya kuzaliwa: ya baba mdogo, ya mwalimu, na ile ya mama, ambayo hakuna aliyekuwa ameiuliza.

Mama akusheze ndiye aliyeiuliza. "Ulimzaa wakati gani, mama?"

Akasema hajui tarehe. Alichokumbuka ni ile siku ya yenga udongo ulipotikisika, watu wako misani, ukuta wa jikoni yake ukaanguka. Alikuwa anamnyonyesha.

Siku hiyo sisi wote tunaijua. Ni tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, tetemeko lile lililobomoa makanisa na nyumba Bukavu na ng'ambo ya Rwanda. Kapela nzima ikaanza kusema kwa pamoja. Akusheze akatuliza, akaendelea: "Alikuwa ameota meno?" Hapana. "Alikuwa anakaa peke yake?" Hapana, alikuwa bado wa kushikwa shingo. Mama jirani akasema kweli, kwa sababu yeye siku ile alikuwa na mimba ya mtoto wake wa kiume, na huyo msichana walimtoa chini ya paa akiwa amefungwa ndani ya kitenge. Mwingine akasema alikwenda kumwona mzazi kabla tu ya Noeli, akampelekea uji wa mtama. Kidogo kidogo, kwa mimba ya huyu na mavuno ya yule, wamama wakasogea mpaka mwishoni mwa 2007, na hapo wakasimama na hakuna aliyewaondoa.

Mama mzee mmoja, aliyekuwa anamenya muhogo bila kuinua kichwa, akasema: "Kama alizaliwa 2004, siku ya tetemeko angekimbia mwenyewe."

Tangu mwisho wa 2007 mpaka siku ile, mwezi wa tatu wa 2024, ni miaka kumi na sita. Tulisema wazi kile sheria ya 2009 inachosema: kumwoza mtoto ni marufuku, na mzazi au mlezi anayemtoa kwa ndoa anaweza kufungwa. Tulisema bila kumtazama baba mdogo, kwa sababu hatukuja kumwaibisha mtu mbele ya watoto wake. Yeye aliirudisha kadi mfukoni. Shefu wa lokalite, ambaye mpaka hapo alikuwa anasikiliza tu, alisema kwamba yeye hatakaa kwenye ndoa hiyo mpaka tribinali iseme umri. Jamaa ya bwana harusi hawakuwapo. Mbuzi bado wamefungwa nyuma ya nyumba, wanakula, na kila mtu anayepita anawaona. Hatuwezi kuwaambia kwamba jambo limekwisha, kwa sababu halijakwisha.

Msichana mwenyewe tulimkuta jioni kwenye mto, na kidumu. Hakutaka maneno mengi. Aliuliza kitu kimoja tu: kama ile tarehe ya mama inaweza kuandikwa.

Inaweza. Ndiyo kazi ya jujema supletifu: mwamuzi anasikiliza mashahidi, na mashahidi hao wako, wamekaa ndani ya kapela wanamenya muhogo. Lakini wafike mbele ya mwamuzi. Hapo ndipo palitokea mabishano makubwa kuliko yote ya siku zile mbili, nayo hayakuwa kati ya wamama na wababa.

Mnajua MUSO ina masanduku yake. La kijani ni la akiba na mikopo. Jekundu ni la msaada, kwa ugonjwa, kwa msiba, kwa nyumba iliyoungua. Mama mwenyekiti alipendekeza nauli ya mashahidi itoke kwenye sanduku jekundu. Mtunza sanduku alikataa. Alisema sanduku jekundu ni la machozi. Wiki tatu zilizopita walilifungua kwa ajili ya mama aliyepasuliwa akizaa. Wakilimaliza leo kwa karatasi, na kesho mtoto akashikwa na malaria kali, watampeleka hospitali na karatasi? Nusu ya wamama walimpigia makofi. Na sisi tuliona ana haki. Pesa ile ni ya noti ndogo ndogo, zimekunjwa mara nne, kila moja ina jasho la mtu.

Mama wa msichana alibaki ameinama. Ndipo mama mmoja kijana, ambaye huwa hasemi sana, akauliza: msichana akiozwa leo, mwaka kesho akashindwa kuzaa kwa sababu mwili wake bado mdogo, sanduku gani litafunguliwa? Wakabishana tena. Wengine walisema kila jamaa ibebe mtoto wake. Mwisho walipiga kura kwa mawe, ndani ya kikapu kilichofunikwa. Sanduku jekundu litatoa nauli ya mashahidi wawili, siyo wanne. Jamaa ya msichana itatoa chakula cha njiani. Na tangu juma lijalo kila mama ataongeza kidogo juu ya mchango wake kwa ajili ya vyeti vya watoto wachanga, ili wasifike tena tribinali. Mtunza sanduku alikuwa amepiga kura ya kukataa. Lakini yeye ndiye aliyehesabu pesa, na alizihesabu mara mbili mbele ya wote.

Kuna mambo tuliyoyaona ambayo yanastahili makala yake mwenyewe. Usiku, ziwa lote linawaka taa. Ni wavuvi wa sambaza, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinaning'inia kuita samaki. Ndani ya mitumbwi hiyo kuna wavulana wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu, ambao asubuhi wanalala juu ya dawati. Mwalimu alituonyesha mistari yao kwenye daftari la kuitia majina. Na hao pia, siku moja wakikamatwa na askari ng'ambo, hakuna kitakachoonyesha kwamba ni watoto. Sheria inasema aliye chini ya miaka 14 hahukumiwi kama mhalifu, na aliye chini ya 18 anapelekwa kwa mwamuzi wa watoto. Lakini mwenye sauti ya kuvunjika na mabega ya kupiga kasia, asiye na cheti, ataambiwa tu kwamba anaonekana mkubwa.

Tulishuka pia kwa jirani zetu Bambuti, chini ya kilima, ambako wamama wanafinyanga vyungu na hawana shamba lao. Wengi wanazalia nyumbani, kwa hiyo hata kile kijikaratasi cha kituo cha afya hawanacho. Walituuliza kama tangazo la kuzaliwa ni lao pia. Mama mmoja alisema siku alipokwenda ofisini aliambiwa angoje nje mpaka jioni. Tuliwaambia sheria haina mtoto wa ndani na wa nje, na kwamba mama mzee aliyemshika mtoto wakati wa kuzaliwa anaweza kwenda kusema nilimwona akizaliwa. Yule mama mzee mwenyewe, tulipomwonyesha kwa kidole, alinyoosha mgongo wake. Kikundi cha kilimani kilikubali wakwende nao mashua moja. Tuandike ukweli: haikuwa kwa furaha ya wote. Lakini majina yao yaliandikwa kwenye orodha ile ile.

Orodha hiyo iko ndani ya daftari moja kati ya yale tuliyoyaleta. Wamama walilipiga mistari kwa rula ya mwalimu. Upande wa kushoto ni jina la mtoto na jina la mama. Katikati ni siku ya kuzaliwa, ambayo mama akusheze ataijaza kutoka kwenye kitabu chake. Upande wa kulia ni siku ya tisini, kwa kalamu nyekundu. Daftari linakaa kwenye kituo cha afya. Siku ya kupima kilo, wamama wote wakiwa pale na watoto wao, linasomwa kwa sauti. Wale ambao siku zao zinakaribia wanaondoka pamoja: mashua moja, nauli imegawanywa, mama mmoja anayejua kusoma mbele yao, na sauti nyingi za kuuliza kwa nini karatasi ya bure inaombewa pesa. Mama akusheze alituambia kwamba mtu mmoja akiuliza hivyo ofisini anafukuzwa, lakini wamama kumi na watoto kumi wanaolia hawafukuziki kwa urahisi.

Kwa vikundi vyetu vingine vinavyosoma gazeti hili: mkitaka kufanya hivyo, hamhitaji kutungoja sisi. Mnahitaji daftari, kalamu mbili za rangi tofauti, na urafiki na mtu wa kituo cha afya. Ofisini pelekeni kijikaratasi cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, na msitoke bila kusoma jina la mtoto kama lilivyoandikwa. Herufi moja ikikosewa, mtakuja kuilipia baadaye.

Siku ya posho jioni, safari ya kwanza ilipangwa kuwa siku ya tatu. Majina yaliposomwa, ikaonekana kwamba mtoto mmoja, msichana, alikuwa amefikisha siku 84. Siku ya tatu angekuwa na 88. Wamama wakasema inatosha, zinabaki mbili. Mama yake hakusema kitu. Siku ya kwanza asubuhi, tulipokuwa tunateremka kwenda kutafuta mashua ya kurudi, tuliuliza habari zake ili tumuage. Wakatuambia hayupo. Alikuwa ameondoka usiku, kwa mguu, na mtoto mgongoni, kijikaratasi cha kituo cha afya kikiwa kimefungwa ndani ya pindo la kitenge.